Kuwinda Juu ya Mti kwa Tandiko: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa wanaowinda, au wanaotaka kuanza kuwinda, kulungu wa mkia mweupe Marekani na Kanada, ambako tandiko limeenea sana miaka ya karibuni. Vipimo tumeviweka kwa mita na kilo. Vibandiko vya vifaa vingi huandika futi na ratili, kwa hiyo kumbuka kwamba futi 20 ni kama mita 6, na ratili 300 ni kama kilo 136.

Tandiko la mti ni kitu gani?

Ni mkanda mpana wa kitambaa kigumu unaopita chini ya makalio na kuzunguka kiuno, wenye vitanzi viwili imara mbele ya nyonga. Kati ya vitanzi hivyo hupita kamba fupi iitwayo daraja. Daraja hunaswa kwa karabina (pete ya chuma yenye mlango unaojifunga) kwenye kamba kuu, nayo kamba kuu hufungwa kwenye shina juu yako. Miguu inakanyaga kijukwaa kidogo, uzito unabebwa na mkanda, uso unaelekea mti. Aliyekaa dunguni ameupa mti mgongo na mnyama anamwona mzima mzima. Wewe umeukabili mti, na shina ndilo linalokuficha.

Wakata matawi na mafundi wa nguzo za umeme wanafanya kazi kwa mikanda ya namna hii kila siku. Wawindaji waliichukua mbinu hiyo, wakaipunguza uzito na kuiondolea kelele.

Lina faida gani kuliko dungu la kawaida?

Kwanza uzito. Tandiko lenyewe kwa kawaida halifiki kilo moja na nusu, na seti nzima yenye kamba, vipandio vinne (vipande vifupi vya ngazi vinavyofungwa kwenye shina) na jukwaa huwa kati ya kilo 5 na 8. Pili, mti wowote ulio hai, ulionyooka na wenye unene wa kutosha unakufaa, hata wenye matawi mengi ambao dungu la kupanda nalo haliwezi kuupita. Tatu, ukilitumia inavyopasa unakuwa umefungwa kwenye mti tangu mguu unapoacha ardhi hadi unaporudi.

Lakini kama unawinda kwenye shamba la mtu aliyekuruhusu, mti ni uleule msimu mzima, na unapenda kukaa saa nane bila kujitikisa, dungu la ngazi litakustarehesha zaidi. Tandiko ni la anayehama: leo bonde hili, kesho ukingo ule, kwa kuufuata upepo na nyayo mpya.

Ninahitaji vifaa gani ili nianze?

Tandiko lenye daraja lake. Kamba kuu ya mita 2.4 hadi 3, na kamba ya kupandia ya urefu huohuo, kila moja na tanzi la Prusik (kitanzi cha kamba nyembamba kinachozungushwa kwenye kamba, kinachosogezwa kwa mkono na kuuma kikibeba uzito) au kibano cha chuma cha kazi hiyohiyo. Karabina za kujifunga zisizopungua tatu. Vipandio vinne vya alumini vya takriban sentimita 50 kila kimoja. Jukwaa la upana wa kama sentimita 35. Kinga za magoti. Kamba nyembamba ya mita 9 ya kuvutia upinde juu. Mkanda mmoja wa kuzungusha kwenye shina wenye ndoano za kutundikia begi na upinde.

Vipya vyote kwa pamoja hugharimu kati ya dola 500 na 1,000, kutegemea wepesi wake, maana wepesi ndio unaouzwa ghali. Fedha ikipungua, punguza kwenye jukwaa na vipandio: kipandio kizito kilo moja zaidi kitakuchosha tu. Kamba na karabina zisiguswe na ubahili.

Kamba iwe ya aina gani?

Isiyovutika, ya milimita 8 hadi 11, iliyotengenezwa kwa kubeba mtu na yenye maandishi ya nguvu yake. Nguvu hiyo huandikwa kwa kilonyutoni, na kilonyutoni moja ni sawa na uzito wa kama kilo 100. Karabina nzuri huandikwa 22 au zaidi kwa urefu wake, lakini ikigeuka ikavutwa kwa upana, nguvu hiyo hushuka hadi 7 hivi. Ndiyo maana baada ya kuinasa lazima uitazame imekaaje. Kusikia mlio wa kufungika hakutoshi.

Fundo lolote huipunguzia kamba nguvu. Hata fundo la umbo la namba 8, ambalo ni miongoni mwa mafundo bora, hula karibu robo. Mwisho wa kamba kuu weka fundo la kuzuia, ili tanzi la Prusik au kibano kisiweze kuchomoka kikifika ncha. Fundo hilo halina gharama, na wengi hulisahau.

Tanzi la Prusik linateleza. Kosa ni nini?

Angalia unene kwanza. Kamba ya tanzi lazima iwe nyembamba kuliko ile inayoshikwa: milimita 8 juu ya kamba ya 11, au 6 juu ya kamba ya 8 hadi 9. Zikilingana unene, tanzi haliumi. Kisha hesabu mizunguko: zungusha mara tatu, uone nyuzi sita zimelala sambamba bila kupandana. Kamba mpya yenye utelezi huenda ikahitaji mzunguko wa nne.

Tatizo la pili ni kinyume chake: tanzi limelowa, likaganda kwa barafu, na sasa halisogei. Lilegeze kwa kidole gumba kwa kusukuma mgongo wa fundo, usilivute kwa nguvu. Wanaowinda Desemba huko Minnesota au Ontario wengi hupendelea kibano cha chuma, ila nacho kina masharti: kila kibano kimeandikwa unene wa kamba kinaoukubali, na ukikiweka kwenye kamba nyembamba zaidi hakitashika.

Tanzi lolote lijaribiwe kwa uzito wako mzima ukiwa sentimita 30 kutoka chini.

Mti gani unafaa?

Ulio hai, ulionyooka, wenye kipenyo cha sentimita 20 hadi 45 mahali utakapofunga jukwaa. Mwembamba kuliko hapo utayumba na upepo, na kila utakapojigeuza kilele kitacheza. Mnene kuliko hapo utamaliza kamba, na hutaweza kuchungulia pande zote mbili za shina.

Jihadhari sana na miti ya ashi. Mdudu anayeitwa emerald ash borer aligunduliwa Michigan mwaka 2002, na tangu hapo ameua miti ya ashi kwa mamilioni katika majimbo mengi. Ashi aliyekufa huonekana mzima ukimtazama kwa chini, lakini mbao zake hukauka haraka na kukatika bila onyo. Gome linalobanduka vipande, vitundu vidogo vyenye umbo la herufi D, matawi ya juu yasiyo na majani katikati ya kiangazi: ukiona mojawapo, tafuta mti mwingine.

Hikori wenye gome la magamba ni imara ila una kelele, kwa kuwa magamba huvunjika chini ya kila mkanda. Mwaloni mweupe ni mzuri, na kokwa zake kulungu wanazipenda. Misonobari huficha vizuri lakini utomvu wake utakuchafulia kamba.

Nipandeje, hatua kwa hatua?

1. Ukiwa chini, vaa tandiko, funga bizimu ya kiuno na mikanda ya mapaja, kisha vuta kila moja. Funga kamba ya kuvutia kwenye upinde, ncha nyingine kwenye tandiko.
2. Zungusha kamba ya kupandia kwenye shina na uinase pande zote mbili za nyonga, kwenye vitanzi vya pembeni. Usiinase kwenye daraja, wala usinase ncha mbili upande mmoja. Egemea kwa uzito wote ungali umekanyaga ardhi.
3. Funga kipandio cha kwanza, kidato chake cha chini kikiwa kama sentimita 60 kutoka ardhini. Kaza mkanda wake, halafu kisukume chini kwa mguu ili meno yaume gome.
4. Panda, sukuma kamba juu, egemea, mikono ikiwa huru funga kipandio kinachofuata. Acha nafasi ya sentimita 60 kati ya kimoja na kingine. Vipandio vinne vya sentimita 50 kwa mpango huu vinakufikisha karibu mita 4.5.
5. Ukikuta tawi, funga kamba kuu juu ya tawi na ujinase kwanza, ndipo ufungue ile ya kupandia na kuihamisha.
6. Ukiwa juu ya kipandio cha mwisho, funga jukwaa sawa na kidato cha juu, kando kidogo, ili kuvuka iwe hatua ya pembeni tu.
7. Funga kamba kuu usawa wa paji la uso, nasa daraja, funga karabina, itazame, iegemee. Sasa, na si kabla, unaweza kulegeza kamba ya kupandia.
8. Vuta upinde.

Kushuka ni hatua hizohizo kwa kinyume, na ndiko kunakohitaji uangalifu zaidi: giza limeingia, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na akili imeshafika nyumbani. Vaa taa ya kichwani kabla ya kugusa karabina yoyote.

Kamba kuu ifungwe kimo gani?

Anzia usawa wa paji la uso ukiwa umesimama juu ya jukwaa. Anayependa kuegemea huku amesimama aipandishe kidogo. Anayependa kukaa, magoti yakigusa shina, aishushe hadi usawa wa kidevu. Sentimita 10 tu hubadilisha mambo, kwa hiyo jaribu zote mbili nyumbani. Ila isishuke chini ya mabega, kwa sababu ya swali linalofuata.

Kwa nini kila mahali mnasema kamba isilegee?

Kwa sababu tandiko halikutengenezwa kudaka mtu anayeanguka. Limetengenezwa kumshikilia ambaye tayari ameliegemea.

Piga hesabu. Mtu wa kilo 80 amesimama wima jukwaani, kamba imelegea, mguu unateleza, anashuka sentimita 60 kabla kamba haijakaza. Kamba isiyovutika, ikijumlishwa na kuminyika kwa mwili na mkanda, tuseme inamsimamisha ndani ya sentimita 10. Nguvu ya wastani ni kilonyutoni 5.5, yaani zaidi ya kilo 550 zinazovuta kiunoni kwa mpigo. Kamba itastahimili. Mgongo na mbavu ni jambo jingine, na kwa mvuto huo atajigonga kwenye shina au kwenye kona ya jukwaa. Kamba ikiwa imekaza tangu mwanzo, mguu ukiteleza unaning'inia tu palepale, labda ukakwaruza goti.

Basi ukijikuta umesimama wima na daraja limeshuka kama kamba ya kuanikia nguo, vuta tanzi ukaze. Ukipanda hatua moja juu zaidi ya ulipofunga kamba, hata kwa sekunde mbili za kutundika begi, umejitengenezea anguko. Hakuna kosa la kawaida kuliko hilo, na hufanywa zaidi na waliokwisha zoea.

Nyonga zinabanwa baada ya saa moja. Nifanyeje?

Daraja ni fupi mno. Lirefushe kidogo kidogo, sentimita 5 kila mara, hadi ubanwaji upungue. Lisirefuke kiasi cha kukuweka mbali na shina hadi mkono usiifikie karabina. Isipotosha, shusha kamba kuu kidogo, au sogeza vitanzi vya daraja kama tandiko lako linaruhusu.

Miguu ikifa ganzi, chanzo mara nyingi ni ukingo wa chini wa tandiko kukata mapaja: lipandishe au lishushe kwa upana wa vidole viwili. Mikanda ya mapaja inatakiwa iguse mwili bila kubana. Kiuno kikiuma, ongeza mkanda wa mgongo unaozunguka shina na kukushika chini ya makwapa. Halafu badilisha mkao: dakika 20 kuegemea, dakika 20 kukaa. Mwenye kutaka mkao mmoja wa siku nzima hatalipenda tandiko hata alinunue la bei gani.

Jukwaa linacheza au linalia.

Halikukazwa vya kutosha. Lifunge likiwa limeinuka kidogo kwa mbele, kaza mkanda kwa nguvu, kisha likanyage ncha ya mbele lishuke hadi usawa. Mshuko huo ndio unaoyakaza meno. Likiwa limelala usawa tangu mwanzo, uzito wako utaliinamisha na mkanda utalegea. Egemea pande zote mbili kabla ya kuliamini, kwa sababu kusukuma kwa pembeni ndiko kunakolizungusha.

Kelele za chuma kwa chuma dawa yake ni utepe wa kitambaa kwenye kila sehemu inayogusana: vipandio, bizimu, mwili wa karabina. Kifyatuo na kinywa cha karabina usivifunike.

Mti nielekee upande gani? Ninatumia mkono wa kulia.

Panda upande ambao shina litakuwa kati yako na mahali kulungu watakapotokea, na njia yao ipite kushoto kwako. Mwenye kuvuta upinde kwa mkono wa kulia hulenga kirahisi kushoto, kuanzia karibu na shina hadi nyuma ya bega la kushoto. Kulia ni kugumu: lazima uzunguke shina kwa miguu, au ujigeuze kabisa mgongo uelekee mti na kuuvusha upinde juu ya daraja. Inawezekana, lakini ni mwendo mkubwa mbele ya mnyama mwenye macho. Wa mkono wa kushoto wageuze maelezo haya.

Zoezi hilo la kujigeuza lifanyie nyumbani, jukwaa likiwa nusu mita kutoka chini, ukiwa na nguo zote za baridi. Koti nene hubadilisha kila kitu.

Nipande juu kiasi gani?

Mita 4.5 hadi 6 zinatosha. Juu zaidi ya hapo mshale unaingia kwa mwinuko mkali, na nafasi ya kupasua mapafu yote mawili inapungua. Kujificha kwa matawi kuna maana kuliko kimo: mita 4 ukiwa na majani nyuma yako ni bora kuliko mita 8 kwenye shina tupu.

Unapolenga chini, pinda kiunoni badala ya kushusha mikono, na hesabu umbali wa ardhini, si wa mstari wa jicho. Ukiwa mita 6 juu na kipimo kikasoma mita 20, umbali wa ardhini ni 19, tofauti ndogo. Kikisoma 10, umbali halisi ni 8, na hapo watu hupiga juu ya mgongo.

Na upepo usisahaulike. Asubuhi jua likipasha mteremko hewa hupanda, jioni hushuka bondeni pamoja na harufu yako.

Bunduki au krosibo (upinde wenye kitako na kifyatuo kama bunduki) vinafaa?

Vinafaa, na bunduki hutulia vizuri mkono ukiegemezwa kwenye shina. Ivute juu ikiwa tupu, mdomo wa mtutu ukielekea chini. Krosibo ivutwe uzi ukiwa chini, maana juu ya mti ni shida, kisha ipandishwe bila mshale. Msimu wa bunduki majimbo mengi yanalazimisha nguo za rangi ya chungwa kali. Shina linakuficha kulungu asikuone, na linakuficha vilevile kwa mwindaji mwenzako.

Jukwaa likianguka nikabaki naning'inia?

Usipapatike. Mguu utafute kipandio cha juu, ambacho ndiyo sababu tulisema kiwe kando ya jukwaa. Kikiwa mbali, uwe na tanzi la ziada la Prusik lenye kitanzi cha mguu mfukoni: lifunge kwenye kamba kuu, kanyaga, simama, pumua. Endelea kuchezesha miguu, kwa kuwa damu hukwama mapajani ukitulia muda mrefu. Simu na filimbi vikae mfuko wa kifuani, si kwenye begi lililotundikwa, na mtu nyumbani ajue uko mti gani na utarudi saa ngapi.

Sheria zinasemaje?

Kila jimbo lina zake, na ardhi ya umma huwa na masharti zaidi ya ardhi binafsi. Skrubu na misumari inayotoboa mti imekatazwa kwenye ardhi ya umma katika majimbo mengi, Michigan ikiwamo. Kwingine huruhusiwi kuacha vifaa mtini usiku. Soma kijitabu cha mwaka huu cha idara ya maliasili ya jimbo lako, si cha mwaka juzi. Karibu kila jimbo hudai mafunzo ya uwindaji kabla ya leseni, na mengi huruhusu anayeanza kwenda na mwenye leseni. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani upinde hauhesabiwi silaha ya moto. Asiye raia anayetaka bunduki aulize kwanza viza yake inamruhusu nini.

Kulungu niliyempiga mshale ni halali?

Wanavyuoni wanaruhusu kilichowindwa kwa chombo chenye ncha kinachopenya, ukitaja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua. Ukimkuta bado ana uhai, mchinje. Basi kisu kiwe kikali na kiwe mwilini. Usiteremke mbio kumkimbilia: fuata hatua zote za kushuka.

Naweza kulitumia Kenya au Tanzania?

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977. Tanzania uwindaji uko chini ya vibali vya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania), na huingii porini na tandiko lako bila kibali hicho. Kwa mpiga picha wa ndege au mtafiti linafaa bila kubadilisha chochote. Kwa kukata matawi kwa msumeno halifai: kamba zake hukatika kwa mguso mmoja wa mnyororo, na kazi hiyo ina mikanda yake yenye kamba za waya ndani.

Vifaa vidumu muda gani, na vya mkono wa pili je?

Fuata tarehe iliyoandikwa na mtengenezaji. Kabla ya kila msimu pitisha kamba yote vidoleni: pakiwa pamevimba, pamekuwa laini kupita kawaida, pamekauka kama waya, au uzi wa ndani unaonekana, itupe. Daraja huchakaa kabla ya vingine vyote, hasa pale karabina inaposugua. Kamba iliyowahi kudaka anguko haina msimu wa pili. Usizihifadhi kwenye buti la gari karibu na betri, kwani asidi yake huila nailoni bila kuacha alama kubwa. Usiziache mtini pia, maana kindi hutafuna na jua hudhoofisha.

Vipandio na jukwaa vya mkono wa pili nunua, ukikagua nyufa kwenye viungo. Kamba, daraja na tandiko ambalo hujui limepitia nini, hata ukipewa bure, usivipande navyo.